Moshi Mweupe ni Maji

Ulaya Mbuyuni, Kilosa. Septemba 2024

Kilosa nayo ina Ulaya yake. Unashuka treni ya umeme Kilosa mjini, unapanda bodaboda, unashika barabara ya Mikumi, na bila pasi wala viza unaingia Ulaya. Tena ziko mbili: Ulaya Kibaoni na Ulaya Mbuyuni. Kijana aliyenibeba alikuwa na mzaha wake tayari. "Wenzako wanauza viwanja waende Ulaya," alisema, "wewe unakwenda kwa bodaboda." Tulicheka wote. Sikujua kwamba kabla mwaka haujazunguka ningefika na ile Ulaya ya kwenye ramani, nikifuata jambo lilelile lililonileta hapa: mti unaokatwa ili uchomwe.

Mimi ni mtu wa mkaa. Nimekulia Morogoro, naishi Dar es Salaam, na ingawa mtungi wa gesi upo jikoni, maharage na makongoro bado nayapeleka uani kwenye jiko la mkaa. Wenzangu ni wengi. Benki ya Dunia iliandika mwaka 2009 kwamba kaya za Dar zinazotegemea mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 mwaka 2001 hadi 71 mwaka 2007, na kwamba nchi nzima ilikuwa ikitumia kiasi cha tani milioni moja kwa mwaka, karibu nusu yake ikiishia Dar. Kila lumbesa iliyoegemezwa kando ya barabara ya Morogoro ina msitu nyuma yake. Nilitaka kuuona huo msitu.

Nilimkuta mzee mmoja porini, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anatazama tanuri lake kama mtu anavyotazama mgonjwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ila usikae upande huo, moshi utakuhamia."

Tanuri lilikuwa kama kaburi la jitu: magogo yamepangwa kwa urefu, yakafunikwa nyasi mbichi, na juu ya nyasi udongo. Upande mmoja kuna mdomo wa kutilia moto, pembeni vitundu vya kupumulia. Moshi mzito, mweupe, ulikuwa ukitoka kila mahali. Nikasema mkaa bila shaka umekaribia. Mzee akatikisa kichwa.

"Huo mweupe ni maji tu. Mti unatoka jasho. Mkaa wenyewe bado." Akanieleza kwamba moshi huo utageuka wa manjano na kuchoma macho, halafu utakuwa mwembamba wa bluu kama wa sigara. Hapo ndipo mkaa umeiva, na hapo ndipo vitundu vinazibwa. "Ukilala siku hiyo, ukiamka unakuta majivu."

Tanuri la kienyeji ni mlafi. Kuni kilo mia zinatoa mkaa kati ya kilo kumi na ishirini, na kilichobaki kimekwenda na upepo. Ukipanga magogo vizuri, ukayakausha kwanza na kuweka bomba la moshi, unaweza kufika kilo 25 na zaidi. Mzee alikuwa amefundishwa mtindo huo, na bomba lake la bati limesimama nyuma ya tanuri.

Baadaye alinipeleka kuona alichokiita "shamba la visiki". Vijiji kadhaa vya Kilosa viliingia mwaka 2012 katika mpango wa mkaa endelevu, ulioendeshwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na mashirika ya MJUMITA na TaTEDO, kwa fedha za Uswisi. Sehemu ya msitu wa kijiji hugawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, mithili ya ubao wa drafti. Kitalu hiki kinakatwa, jirani yake kinaachwa. Kilichokatwa hakiguswi tena mpaka ipite miaka 24. Mninga na mkongo, miti ya mbao, haiingizwi tanurini. Hukati mlimani penye mteremko mkali, wala ndani ya mita 60 za ukingo wa mto, kama sheria ya mazingira ya 2004 inavyotaka. Ada ya gunia inaingia kijijini, na mkutano mkuu wa kijiji unaamua kama itakuwa darasa, zahanati au kisima.

Ilikuwa Septemba, mvua bado, nyasi zimekauka, lakini miombo ilikuwa imeshavaa. Miombo haisubiri mvua. Hutoa majani machanga mekundu kama shaba, msitu mzima ukawaka bila moto. Kwenye kitalu kilichokatwa misimu michache iliyopita niliinama mbele ya kisiki cha myombo kilichokatwa chini, karibu na usawa wa goti. Kuzunguka ukingo wake machipukizi tisa yalikuwa yamepanda hadi kifuani mwangu, majani yake mekundu vilevile. Mizizi iliyo chini ni ya mti mzee. Haianzi upya kama mbegu, inaendelea tu na kazi yake.

"Kisiki cha myombo hakifi kwa shoka," mzee alisema. "Kinakufa kwa moto wa mwezi wa kumi, kwa ng'ombe, na kwa jembe."

Nimeiandika kauli hiyo kwa herufi kubwa, kwa sababu ndiyo yaliyomo katika ripoti nyingi za misitu, kwa maneno machache zaidi. Tathmini ya kitaifa iliyotolewa mwaka 2015 ilikuta Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, na takwimu inayonukuliwa mara kwa mara ni kwamba tunapoteza hekta zipatazo 469,000 kila mwaka. Mtuhumiwa wa kwanza ni shamba. Mara nyingi mchoma mkaa hupita mbele, mkulima wa ufuta au mahindi anafuata nyuma yake na kung'oa visiki, na lawama zote anabaki nazo yule wa kwanza kwa kuwa ndiye mwenye masizi usoni.

Lakini nisimtakase mchoma mkaa. Vijiji vyenye ubao wa drafti ni vichache, na gunia ninalonunua mimi sokoni halina jina la kijiji. Palipokaa tanuri udongo umeiva kama tofali, na kovu hilo halioti nyasi kwa miaka. Uyoga unaouzwa barabarani wakati wa masika huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miombo; ukimaliza miti, uyoga hauna mwenza. Na nyuki wanataka mti wenye pango, ule ambao mpita njia angeuita mbovu. Mzee alinionyesha mmoja. Katikati ya kitalu kilichokatwa alikuwa ameuacha peke yake, shina limepasuka, nyuki wanaingia na kutoka.

"Huu una wenyewe," alisema.

Mto Roanoke, North Carolina. Aprili 2025

Mwenyeji wangu ni Mkongomani wa Bukavu anayeishi Greensboro. Kiswahili chake kina ladha yake. Nilipomwambia nimekuja kuangalia miti inayokatwa ili iende kuchomwa Uingereza alishangaa. "Hawa wazungu nao banapika na makala?" Makala kwao ndiyo mkaa wetu. Nikamwambia hawapiki, wanawasha taa. Akaendesha gari kimya kwa maili kadhaa, halafu akasema kwao Kongo, upande wa Goma, watu wamefukuzana na walinzi wa Virunga miaka mingi kwa ajili ya hayo makala, na hakuna hata siku moja aliyosikia msitu wa Virunga ukiitwa nishati safi.

Tuliingia msituni kwa daraja la mbao, katika hifadhi ya wanyamapori ya mto Roanoke, iliyoanzishwa mwaka 1989. Huu ni msitu wa bondeni wenye miti migumu, kinyume cha miombo kwa kila namna. Miombo inasimama kwenye ukavu na kungojea. Msitu huu umesimama ndani ya maji. Mashina ya tupelo yamevimba chini kama vyungu, miti ya saipresi ya majini imechomoza magoti yake nje ya tope, na juu kidogo ya kichwa changu kulikuwa na mstari wa rangi ya kahawa kwenye kila shina, alama ya mahali maji yalipofika mara ya mwisho. Mbali zaidi kusini, kwenye mto Black wa jimbo hilihili, wanasayansi waliisoma saipresi moja na mwaka 2019 wakatangaza kwamba ina miaka isiyopungua 2,624. Ilikuwa mche karne sita kabla ya Yesu.

Ndege mdogo wa manjano, manjano ya yai la kienyeji, alitua kwenye shina lililokufa lililosimama majini, akaingia ndani ya tundu. Jina lake la kisayansi ni Protonotaria citrea. Amerudi kutoka mikoko ya Colombia na Panama kuja kutaga, na hatagi popote ila ndani ya tundu, hasa la mti uliooza, juu ya maji. Nilimkumbuka mzee wa Kilosa na nyuki wake. Huu nao una mwenyewe.

Na hapo ndipo palipo na ugomvi wa nchi hii. Wenye viwanda vya peleti, vijiti vya mti uliosagwa na kushindiliwa, wanasema wanachukua miti ambayo kiwanda cha mbao hakiitaki: iliyopinda, yenye uvimbe, iliyooza moyo, pamoja na vilele na matawi. Ni kweli kwamba hakuna mwenye akili anayesaga mwaloni ulionyooka wakati mbao zake zina bei. Lakini wanaikolojia wanajibu kwamba huo mti uliopinda na kuoza moyo ndiyo nyumba. Ndani yake mna ndege, popo, kuvu, wadudu. Vilele na matawi ndiko kuliko na sehemu kubwa ya rutuba ambayo ingerudi udongoni. Msitu ukisombwa mpaka vijiti vyake, unaofuata unaanza na ghala nusu tupu.

Siku ya pili tuliona mahali palipokatwa. Kwa jinsi nilivyozoea mashoka, nilitarajia watu. Kulikuwa na mashine tu, yenye mikono inayokumbatia miti mitatu minne kwa pamoja na kuikata kama mtu anavyokata mchicha. Uwanda ulikuwa wazi mpaka ng'ambo, matairi yamechora mitaro iliyojaa maji meusi. Mwenye ardhi, mzee mjane, alitukaribisha kwenye baraza yake. Sehemu kubwa ya misitu ya kusini mwa Marekani ni mali ya familia kama yake, si ya serikali. Alisema zamani miti hii myembamba na mibovu ilikwenda kwenye viwanda vya karatasi, vikaanza kufungwa, na wanunuzi wa peleti wakaja wakati mzuri: viwanda vilifunguliwa Ahoskie mwaka 2011, kaunti ya Northampton 2013, Sampson 2016, Hamlet 2019. Paa lake lilikuwa linavuja na bili ya hospitali ya marehemu mkewe ilikuwa bado.

"Mimi nimeuza miti mara moja tu maishani," alisema. "Sitaiuza tena. Sitakuwepo."

Nilikwenda kuangalia visiki vyake. Vilikuwa vimechipua, hilo lazima niseme. Tupelo na miti ya red maple ilikuwa na vishada vya machipukizi kama vya myombo. Saipresi ndiyo iliyonitia mashaka. Kisiki chake kikizeeka hakichipui vizuri, na mbegu yake haioti chini ya maji. Inahitaji mwaka ambao mto umeshuka, tope likabaki wazi muda wa kutosha mche uinue kichwa juu ya mafuriko yanayofuata. Unaweza kuungoja mwaka huo muda mrefu. Na pale kwenye ardhi ya juu, kavu kidogo, mzee alikuwa amepanda misindano kwa mistari. Inakua haraka na ina soko. Kwenye kitabu cha takwimu shamba la misindano na bonde la mialoni vyote vimeandikwa neno moja, msitu.

Bonde lina kazi nyingine isiyoandikwa popote. Mto Tar, ulio jirani, ulifunika mji wa Princeville mwaka 1999 wakati wa kimbunga Floyd, na tena mwaka 2016 wakati wa Matthew. Princeville ulijengwa na watu walioachwa huru kutoka utumwani, ukapata hadhi ya mji mwaka 1885, na ulijengwa bondeni kwa kuwa hiyo ndiyo ardhi waliyoachiwa. Sisemi peleti zilileta mafuriko. Viwanda vilikuwa havijajengwa Floyd ilipopita. Lakini msitu wa bondeni ni sifongo, na watu wa chini ya mto ndio wanaoujua umuhimu wa sifongo. Waulize wa Kilosa, ambao Desemba 2009 na Januari 2010 waliona mto Mkondoa ukipita majumbani na reli ikibebwa.

Jioni, karibu na kiwanda kimoja, dereva wa lori alinipa peleti konzi moja. Mithili ya chakula cha sungura: vijiti vifupi, vyembamba kuliko kidole cha mwisho, vinang'aa, vigumu. Ukikivunja kinatoa mlio, tak. Tani mbili hivi za mti mbichi zinatoa tani moja ya hivi, kwa sababu nusu ya mti mbichi ni maji na karibu maji yote hufukuzwa kiwandani kwa joto. Hotelini nilitia kimoja kwenye glasi. Haikupita dakika nyingi kikavimba, kikapasuka, kikawa unga wa msumeno chini ya glasi. Nilijaribu kunusa ni mti gani. Haiwezekani. Imesagwa pamoja mialoni, tupelo, misindano, kila kitu.

Drax, karibu na Selby, Uingereza. Mei 2025

Ulaya hii unaiona kabla hujafika. Tambarare ya North Yorkshire haina kilima, na katikati yake minara kumi na miwili ya kupozea maji imesimama, kila mmoja mita 114, na bomba moja la moshi la mita 259. Mawingu meupe yalikuwa yakifumuka juu ya minara, mazito, yanapaa polepole.

Mama mmoja tuliyekuwa naye kwenye basi aliniambia watalii hupiga picha hayo mawingu wakidhani ni moshi. "Ni mvuke tu," alisema. "Ni maji."

Nilitabasamu mwenyewe. Moshi mweupe ni maji, Ulaya zote mbili. Kile kinachohesabika kinatoka kwenye lile bomba refu, na hakionekani. Kiswahili kimekiita hewa ukaa, na ukaa ni ndugu wa mkaa. Lugha yetu ilishaunganisha hesabu hii kabla wataalamu hawajaitenganisha.

Kituo hiki cha umeme, Drax, kilianza kazi miaka ya 1970 kwa makaa ya mawe. Kati ya mwaka 2013 na 2018 matanuri manne kati ya sita yaligeuzwa yale miti, na baadaye makaa ya mawe yakaachwa kabisa. Sasa kinatoa takriban asilimia 5 ya umeme wa Uingereza na kumeza zaidi ya tani milioni sita za peleti kwa mwaka. Si zote ni miti migumu: sehemu kubwa ni misindano na masalia ya viwanda vya mbao, na nyingine hutoka Kanada. Zinavuka Atlantiki melini, kisha zinapanda treni za mabehewa yenye paa, zinalala kwenye makuba manne meupe yenye urefu wa mita 50. Nilielewa kwa nini mabehewa yana paa. Nilishaona glasi yangu.

Kwenye kituo cha basi nilikaa na mchimba makaa mstaafu. Mgodi wa Kellingley, mwendo mfupi kutoka hapo, ulifungwa Desemba 2015, wa mwisho wa kina kirefu nchini humo. "Makaa yapo chini ya viatu vyako," aliniambia. "Wakayaacha, wakaenda kuagiza kuni Marekani." Hakuwa anasema makaa ya mawe ni mema, mapafu yake yalikuwa yakimjibia. Alikuwa anashangaa tu umbali. Nilimwuliza kama amewahi kuona mahali hizo kuni zinapotoka. Akanitazama kama nimemwuliza kama amewahi kwenda mwezini.

Kwenye treni, Leeds kwenda London

Nimechora mstari katikati ya ukurasa, kushoto Ulaya, kulia Ulaya.

Kwanza wingi. Tani milioni moja za mkaa, kwa matanuri yetu ya kienyeji, ni tani milioni tano hadi kumi za kuni. Tani milioni sita za peleti ni zaidi ya tani milioni kumi na mbili za miti mibichi au masalia yake. Kuni za tanuri huwa zimekauka kidogo na miti ya Carolina hupimwa mbichi, kwa hiyo mizani haijalingana sawasawa, ila sura inaonekana: kituo kimoja cha umeme kinakula sawa na majiko ya mkaa ya nchi nzima.

Upotevu tunagawana. Tanuri la mzee linapoteza sehemu kubwa ya joto la mti, na Drax, pamoja na mitambo yake yote, katika kila sehemu kumi za joto inatoa umeme usiozidi sehemu nne. Nyingi kati ya zilizobaki ndizo yale mawingu.

Kwenye hesabu ndipo mstari wangu wa katikati ulipokatika. Tangu enzi za Itifaki ya Kyoto ya 1997 kanuni ni kwamba hewa ukaa ya mti huandikwa mahali mti ulipoangukia, kwenye daftari la ardhi, ili isihesabiwe mara mbili. Kwa hiyo kwenye bomba la moshi inaandikwa sifuri. Si uongo kwa nia. Ni kama mke na mume waliokubaliana kwamba matumizi yaandikwe kwenye daftari la mmoja tu. Lakini Marekani haikuidhinisha Kyoto, na kituo kinachopewa ruzuku huko ng'ambo kinatazama daftari lake lenye sifuri peke yake. Timothy Searchinger na wenzake walilieleza kosa hilo katika jarida la Science mwaka 2009, mwaka uleule Umoja wa Ulaya ulipopitisha agizo lake la nishati jadidifu na kuufungulia mti mlango. Taasisi ya Ember imekuwa ikiitaja Drax kuwa mtoaji mkubwa kuliko wote wa hewa ukaa nchini Uingereza, ukihesabu kinachotoka kwenye bomba. Kwenye hesabu rasmi, sehemu hiyo haimo.

Wanaotetea peleti wanasema mti utaota tena na kuivuta hewa ile ile. Ni kweli, kama vile ni kweli kwamba unga uliokopa dukani utaulipa. Swali la mwenye duka ni lini. Kwa kila uniti ya umeme, kuni hutoa hewa ukaa nyingi kuliko makaa ya mawe, kwa hiyo unaanza na deni. Utafiti wa kituo cha Manomet, Massachusetts, mwaka 2010 ulionyesha kwamba kulipa deni la umeme wa msitu wa asili kunaweza kuchukua miongo kadhaa. Myombo umepewa miaka 24 na kijiji. Kwa saipresi sijui nani amekaa akaipangia. Na joto la dunia halisubiri mche upite goti.

Serikali ya Uingereza yenyewe imeanza kusita. Februari 2025 ilitangaza kwamba kuanzia 2027 kituo kitafanya kazi chini ya nusu ya sasa, na kwamba kuni zake zote, badala ya asilimia 70, lazima zithibitishwe kuwa endelevu. Nasi tumesita kwa namna yetu: mkakati wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa wa kawaida. Tofauti ni kwamba wa Selby akizima kuni ana upepo wa Bahari ya Kaskazini. Mama wa Manzese, Dar, akizima mkaa ana mtungi ambao kuujaza unataka fedha zote kwa mkupuo, wakati mkaa unauzwa kwa kopo.

Ulaya Mbuyuni tena. Julai 2025

Mzee nilimkuta kwenye ndoo ileile, tanuri jipya, kitalu kingine. Yale machipukizi tisa yalikuwa yamebaki manne, yamenipita kimo. Matano aliyapunguza mwenyewe ili manne yanenepe. Mbele kidogo, nje ya mipaka ya ubao wa drafti, mtu alikuwa amelima ufuta mpaka ukingo wa korongo, na visiki vimechomwa, kimoja bado kinafuka.

Nilimpa zile peleti nilizobaki nazo. Akazigeuza kiganjani, akakivunja kijiti kimoja karibu na sikio, akanusa.

"Mti gani huu?"

"Mchanganyiko, mzee. Miti mingi."

Akatia kimoja kwenye kopo lake la maji, tukakitazama kikivimba.

"Umekatwa wapi?"

"Marekani."

"Wakauchomea wapi?"

"Ulaya." Nikacheka. "Ulaya ile nyingine."

Hakucheka. Alikuwa akilitazama kopo. "Na anayekitazama kisiki ni nani?"

Nikaanza kumweleza kuhusu mzee mjane na paa lake, na vyeti vinavyothibitisha, na daftari mbili. Nilikuwa bado katikati ya daftari la pili aliponyanyua mkono. Nyuma ya kichwa changu moshi ulikuwa umegeuka bluu. Akamwaga lile kopo, akachukua koleo, akaenda kuziba vitundu.